Kvelertak: Kelele za Stavanger Zilizovuka Mipaka kwa Kinorwe

Kila mwanamuziki ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao hukutana siku moja na swali hili: nikitaka kusikika nje ya nchi yangu, niimbe kwa lugha gani? Ushauri anaopewa huwa ni uleule. Badili lugha. Weka hata kiitikio cha Kiingereza. Dunia haina muda wa kujifunza maneno yako.

Katika makala haya tunaiangalia bendi moja iliyolijibu swali hilo kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Inaitwa Kvelertak. Inatoka Norway, nchi ambayo bendi hiyo ilipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2010 ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Muziki wao una mizizi katika panki ya hadkoo, ule muziki wa kasi na makelele ambao redio nyingi hazithubutu kuupiga mchana. Katika albamu tatu za mwanzo waliimba mashairi ya Kinorwe, na bado walipanda majukwaa ya Ulaya na Marekani mbele ya watu ambao hawakuelewa neno hata moja.

Tukiri mapema kwamba huu si muziki wa kila sikio. Tulipoufungulia wimbo wao kwa mara ya kwanza studioni, fundi mitambo wetu aliinuka kwenda kukagua nyaya akidhani spika imepasuka. Spika ilikuwa nzima. Ndivyo walivyokusudia isikike.

Jina lina maana gani?

Kvelertak ni neno la Kinorwe lenye maana ya kumkaba mtu koo. Kiswahili kina neno lake kamili, kabali. Mtaani Dar es Salaam utasikia mtu amepigwa roba, na Nairobi watasema amepigwa ngeta. Kwa hiyo ukilitafsiri jina la bendi hii bila kulipamba, unapata Kabali. Linatamkwa karibu na "kve-le-taak", mkazo ukiwa mwanzoni na silabi ya mwisho ikivutwa kidogo.

Jina hilo linaeleza kazi yao. Wimbo hauanzi kwa kubisha hodi. Gitaa linaingia, ngoma zinafuata, na kabla hujakaa sawa sauti ya mtu anayepiga mayowe imekushika shingoni. Lakini subiri kidogo utasikia kitu kingine ndani ya makelele hayo, nacho ni melodia unayoweza kuipigia mluzi ukiwa njiani kurudi nyumbani. Hapo ndipo Kvelertak walipojitenga na bendi nyingine nyingi za aina yao.

Mji wa samaki na mafuta

Stavanger upo pwani ya kusini magharibi mwa Norway. Zamani ulijulikana kwa viwanda vya kusindika samaki wa makopo. Mwaka 1969 mafuta yaligunduliwa katika eneo la Ekofisk kwenye Bahari ya Kaskazini, na mji ukabadilika. Ukawa makao makuu ya kampuni ya mafuta ya taifa, na leo una jumba la makumbusho linaloeleza historia ya mafuta peke yake. Ni mji wenye fedha, mvua nyingi na upepo wa bahari.

Huko ndiko Kvelertak walikoanzia mwaka 2007. Kikosi kilichorekodi albamu ya kwanza kilikuwa na watu sita. Mwimbaji alikuwa Erlend Hjelvik. Magitaa yalipigwa na Vidar Landa, Bjarte Lund Rolland na Maciek Ofstad. Marvin Nygaard alipiga besi na Kjetil Gjermundrød alikaa kwenye ngoma. Rolland ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wa muziki, na Hjelvik ndiye aliyeandika mashairi.

Hadkoo ni muziki gani?

Kabla ya kuendelea tueleze kidogo, maana neno hili linawachanganya wengi. Panki ilizuka katikati ya miaka ya 1970 kupitia bendi kama Ramones wa New York na Sex Pistols wa London. Ilikuwa roki iliyovuliwa mapambo: nyimbo fupi, magitaa machache, na ujumbe kwamba huhitaji kuwa fundi ili upande jukwaani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Marekani, hasa California na Washington, waliona hata panki imeanza kulegea. Wakaongeza kasi, wakafupisha nyimbo, na kuimba kukageuka kuwa kupiga kelele. Huo ndio ukawa hadkoo. Bendi kama Black Flag na Minor Threat zilitoka katika wimbi hilo. Msikilizaji wetu anayependa reggae huenda akashangaa kujua kwamba miongoni mwa waasisi wake ni Bad Brains, vijana weusi wa Washington ambao katika onyesho moja walipiga hadkoo ya kasi ya kutisha kisha wakatulia na kupiga reggae.

Hadkoo ilikuja na desturi zake. Bendi zilirekodi zenyewe, zilitoa sahani zao zenyewe, na zilipanga maonyesho yao katika kumbi ndogo bila kusubiri kampuni kubwa. Desturi hiyo ilifika Norway mapema. Jijini Oslo kitovu chake kilikuwa Blitz, jengo la mtaa wa Pilestredet ambalo vijana waliingia na kulikalia mwaka 1982. Humo zilipiga bendi kama Svart Framtid, So Much Hate na Life... But How to Live It? Humo pia kilikuwamo radiOrakel, kituo cha redio cha wanawake kilichoanza kurusha matangazo mwaka huohuo wa 1982. Kwa sisi tunaofanya kazi ya redio, si jambo dogo kwamba panki kali na kipaza sauti cha wanawake vilikaa chini ya paa moja.

Kwa hiyo Kvelertak hawakuwa wa kwanza kupiga hadkoo Norway, wala hawakuwa wa kwanza kuiimba kwa Kinorwe. Walichofanya ni kuichanganya na vitu viwili ambavyo nchi yao ilikuwa navyo tayari.

Cha kwanza ni metali nyeusi, mtindo uliokua Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia bendi kama Mayhem na Darkthrone. Mtindo huo ulipata sifa mbaya duniani kwa sababu baadhi ya wafuasi wake walichoma makanisa, na mwaka 1993 mpiga gitaa wa Mayhem aliuawa na mwanamuziki mwenzake. Kimuziki, hata hivyo, metali nyeusi ilileta ufundi wake wa gitaa: nyuzi kupigwa juu na chini kwa kasi bila kupumzika mpaka sauti inakuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Kvelertak waliuchukua ufundi huo na kuuacha moto palepale.

Cha pili ni roki ya sherehe, ile ya viitikio vya kuimbwa na ukumbi mzima. Hapa walikuwa na mfano wa nyumbani, bendi ya Turbonegro ya Oslo, ambayo albamu yake ya mwaka 1998, Apocalypse Dudes, ilionyesha kwamba panki inaweza kuvaa makeke ya roki kubwa bila kuona haya.

Magitaa matatu yanafanya nini?

Bendi nyingi za panki huwa na gitaa moja, na nyingi za metali huwa na mawili. Kvelertak wana matatu. Anayeufahamu muziki wa dansi wa kwetu hatapata taabu kuelewa, kwa kuwa anajua kazi ya solo, ya rithim na ya besi, na namna kila gitaa linavyoshika njia yake bila kumkanyaga mwenzake. Kvelertak hufanya hivyo ndani ya kelele kubwa. Magitaa mawili yanaweza kushika ukuta wa sauti nzito chini, la tatu likatembea juu na melodia. Au mawili yakaimba sauti mbili zinazopishana kidogo, kama waimbaji wawili wa kwaya, huku la tatu likiendelea kukata mapigo.

Ngoma nazo hubadilika ndani ya wimbo mmoja. Zinaweza kuanza na mapigo ya hadkoo, ya haraka na yaliyonyooka, zikaongeza kasi mpaka ya metali nyeusi, kisha zikashuka kwenye mdundo wa roki ambao hata mtu asiyependa makelele atatikisa kichwa. Ugeni wa wimbo wa Kvelertak upo kwenye kona hizo. Dakika ya kwanza unaweza kudhani bendi ina hasira, na ya tatu ukahisi wanasherehekea.

Juu ya yote hayo ilikuwepo sauti ya Hjelvik. Hakuwa mwimbaji wa kupandisha na kushusha noti. Alipiga mayowe mazito na makavu, karibu sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, akiwaachia magitaa kazi ya melodia. Jukwaani alizoeleka kutokea akiwa na bundi kichwani kama kofia, ndege aliyeonekana pia kwenye michoro ya bendi. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro, akilia juu ya paa watu hawalali. Kwa Kvelertak akawa nembo.

Lugha ya magharibi

Hjelvik aliimba kwa Kinorwe cha upande wa magharibi. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inabidi turudi nyuma kidogo. Norway ilikuwa chini ya Denmark kwa karibu miaka 400, hadi 1814, na katika muda huo lugha ya maandishi ilikuwa Kidenishi. Katika miaka ya 1840 mtu mmoja aliyeitwa Ivar Aasen alizunguka vijijini akikusanya lahaja za watu wa kawaida. Alichapisha sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Kutokana na kazi yake ikazaliwa nynorsk, yaani Kinorwe kipya, na mwaka 1885 bunge likaipa hadhi sawa na ile lugha ya maandishi iliyotokana na Kidenishi.

Leo Wanorwe wana njia mbili rasmi za kuandika lugha yao, na nynorsk ndiyo ya wachache. Ngome yake ni magharibi. Anayekumbuka mjadala wa Kimvita na Kiunguja ataelewa kwamba uchaguzi wa namna ya kuandika neno si wa sarufi tu, ni wa kusema wewe ni mtu wa wapi. Albamu ya pili ya Kvelertak inaitwa Meir, maana yake "zaidi". Katika maandishi ya wengi neno hilo huandikwa "mer". Ile herufi moja ya ziada inatosha kumjulisha Mnorwe aliyesoma jalada kwamba hawa ni watu wa pwani ya magharibi.

Mashairi yenyewe yamejaa hadithi za kale za Norway, miungu na mazimwi, pamoja na mizaha mingi. Majina ya nyimbo yanatosha kuonyesha. Mjød ni pombe ya asali. Blodtørst ni kiu ya damu. Offernatt ni usiku wa kafara. Bruane brenn ni madaraja yanaungua. Fossegrim ni jini wa maporomoko ya maji ambaye katika ngano za Wanorwe ni bingwa wa fidla. Anayetaka kufundishwa humpelekea nyama, na mwenye kupeleka nyama ya kutosha ndiye anayeondoka akiwa mpigaji.

Je, mashabiki wa Marekani na Ujerumani walielewa yote haya? Wengi hawakuelewa. Huo ni upungufu, na tusiufiche: mzaha usiotafsiriwa unapotea njiani. Lakini kuna kitu walichokipata badala yake. Kinorwe cha magharibi kina konsonanti ngumu zinazogonga kama ngoma, na katika muziki wa aina hii maneno ni sehemu ya mapigo. Hata katika hadkoo ya Kiingereza wasikilizaji wengi hawapati maneno mpaka wasome karatasi iliyomo kwenye jalada. Kwa hiyo bendi haikupoteza kiasi ambacho washauri wangehofia, na ilipata utambulisho ambao bendi elfu moja zinazoimba Kiingereza zinautafuta bila kuupata.

Kutoka Stavanger hadi Salem

Kwa albamu ya kwanza, Kvelertak walisafiri hadi Salem, Massachusetts, nchini Marekani, kwenye studio ya GodCity ya Kurt Ballou. Ballou ni mpiga gitaa wa Converge, mojawapo ya bendi zinazoheshimiwa zaidi katika hadkoo ya Marekani, na ni mtayarishaji anayejua namna ya kurekodi makelele bila kuyafanya yawe uji. Michoro ya jalada ilifanywa na John Dyer Baizley, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Baroness. Albamu iliitwa Kvelertak tu, na ilitolewa mwaka 2010 na lebo ya Indie Recordings.

Matokeo yalikuwa makubwa nyumbani. Nakala zaidi ya 15,000 ziliuzwa nchini Norway, idadi ambayo kwa bendi ya mayowe katika nchi ndogo ni ya kushangaza. Katika tuzo za Spellemannprisen za mwaka 2010, ambazo ndizo tuzo kuu za muziki Norway, walishinda mbili: wasanii wapya bora na roki bora. Mwaka 2011 albamu ikatolewa Amerika Kaskazini, na ziara ndefu zikaanza.

Mwaka 2013 walitoa Meir, tena kwa Ballou na tena kwa michoro ya Baizley, safari hii wakiwa na Roadrunner, lebo kubwa ya muziki wa metali. Hapa ndipo melodia zilipotoka mbele zaidi. Wimbo wa mwisho, uliopewa jina la bendi yenyewe, ni roki ya mwendo wa kati ya kuimbwa kwa mikono juu, karibu na mtindo wa AC/DC. Lebo ilikuwa kubwa na soko lilikuwa la kimataifa, lakini lugha ilibaki ileile.

Albamu ya tatu, Nattesferd, yaani safari ya usiku, ilitoka mwaka 2016. Mara hii hawakwenda Marekani. Walirekodi Oslo, wakipiga pamoja chumbani kama wanavyopiga jukwaani, na jalada likachorwa na Arik Roper. Wimbo wa kwanza kutangulizwa, 1985, ulikuwa wa taratibu na wenye kung'aa kama roki ya Marekani ya miaka hiyo. Baadhi ya mashabiki wa hadkoo walinung'unika. Wengine walisema bendi iliyozoea kukaba imejifunza pia kulegeza mkono.

Mwaka 2017 na 2018 walipata nafasi ambayo bendi nyingi huiota tu, ya kufungua maonyesho ya Metallica katika ziara ya Ulaya. Usiku baada ya usiku, katika viwanja vya ndani vilivyojaa maelfu ya watu waliokuja kumsikiliza mwingine, Hjelvik alisimama akapiga mayowe ya Kinorwe.

Sauti ilipoondoka

Mwezi Julai mwaka 2018, baada ya ziara hizo, Erlend Hjelvik aliiacha bendi. Kwa bendi yoyote hilo ni pigo, lakini hapa lilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa aliyeondoka alikuwa mwimbaji, mwandishi wa mashairi, mtu wa bundi, na mdomo uliobeba ile lugha. Mwaka 2019 mpiga ngoma Gjermundrød naye aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Håvard Takle Ohr.

Mwimbaji mpya alikuwa Ivar Nikolaisen, na hakuwa mgeni. Aliwahi kuimba na bendi ya Silver, alikuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya The Good, The Bad and The Zugly, na miaka minane kabla alikuwa ameingiza sauti yake kama mgeni katika wimbo wa Blodtørst. Nikolaisen ni mtu wa panki hasa. Sauti yake ni nyembamba na kali kuliko ya Hjelvik, inapasuka, na ina ucheshi wa mtu anayekaribia kuanguka kutoka jukwaani, jambo ambalo hulifanya kwa kupenda mwenyewe.

Matokeo ya kwanza yalikuwa Splid, iliyotoka Februari 14, 2020. Jina lina maana ya mfarakano. Walirudi kwa Ballou, na kasi ya hadkoo ikarudi nao. Lakini ndani ya albamu hiyo kulikuwa na jambo jipya, nyimbo za Kiingereza. Crack of Doom iliimbwa pamoja na Troy Sanders wa Mastodon, na Discord pamoja na Nate Newton wa Converge. Wageni walikuwa Wamarekani, na bendi iliwafungulia mlango kwa lugha yao.

Je, huo ulikuwa mwanzo wa kubadilika? Wiki chache baadaye ugonjwa wa corona ulifunga kumbi duniani kote, na bendi inayoishi kwa jukwaa ikarudishwa nyumbani. Hjelvik naye, akiwa peke yake, alitoa albamu mwezi Novemba mwaka huohuo iitwayo Welcome to Hel. Aliendelea na hadithi za miungu ya kale, lakini sasa aliziimba kwa Kiingereza. Kwa mara ya kwanza lugha na mtu aliyeibeba vilikuwa vimetengana, na ilibaki kuonekana Kvelertak wangeelekea wapi.

Wa mwisho wa aina yake

Jibu lilikuja Septemba 2023 kwa albamu ya tano, Endling, chini ya lebo za Rise na Petroleum Records. Jina hilo la pili bila shaka linamkumbusha msikilizaji mji wa mafuta walikotoka. Safari hii walirekodi Norway, mjini Bergen, na mashairi yakarudi kwa Kinorwe.

Neno endling lenyewe si la Kinorwe. Lilipendekezwa na watu wa sayansi katika miaka ya 1990, kumtaja mnyama au mmea wa mwisho kabisa wa aina yake, ambaye akifa aina nzima imekwisha. Bendi ililichukua neno hilo la kigeni ikaliweka juu ya mlango wa nyumba iliyojaa mambo ya zamani ya Norway. Likvoke ni mkesha wa maiti, desturi ya kukaa na marehemu usiku kucha kabla ya mazishi, ambayo kwetu haihitaji maelezo marefu. Skoggangr ni neno la sheria za kale, la mtu aliyefukuzwa katika jamii akalazimika kuishi porini. Krøterveg te helvete, inayofungua albamu, ni njia ya ng'ombe kwenda jehanamu.

Tukiisikiliza albamu hiyo tunaona bendi imelijibu lile swali kwa mara ya pili, na jibu la pili ni zito kuliko la kwanza. Mwaka 2010 walikuwa vijana walioimba kwa lugha yao kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Mwaka 2023 walikuwa wamekwisha kuonja Kiingereza, walikuwa na mwimbaji mwingine na mpiga ngoma mwingine, na soko lilikuwa wazi mbele yao. Walirudi kwa kuchagua.

Tusiligeuze jambo hili kuwa hekaya. Lugha peke yake haikuwafikisha Salem wala kwenye jukwaa la Metallica. Walikuwa na mtunzi hodari, magitaa matatu yaliyopangwa vizuri, mtayarishaji anayejua kazi yake, na nchi yenye uwezo. Anayeimba ovyo kwa lugha ya mama bado anaimba ovyo. Lakini mfano wao unaondoa kisingizio kimoja, kile kinachosema kwamba lugha ndogo ni mzigo unaopaswa kutuliwa mpakani.

Ukitaka kuanza kusikiliza

Kwa anayezoea roki ya kawaida, anzia Bruane brenn na Kvelertak, zote za albamu ya Meir, kisha 1985. Kwa anayetaka kuisikia hadkoo yao ikiwa mbichi, fungua albamu ya kwanza usikilize Mjød na Blodtørst. Katika Blodtørst tega sikio vizuri: utawasikia Hjelvik na Nikolaisen pamoja, aliyekuwepo na aliyekuja kumrithi, miaka minane kabla mmoja hajampisha mwenzake. Kwa kumsikia Nikolaisen akiwa mwenye nyumba, nenda kwenye Splid na umalizie na Krøterveg te helvete.

Usianze kwa sauti ya juu. Sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya ngoma, mara ya pili kwa ajili ya gitaa linalotembea juu, na mara ya tatu kwa ajili ya maneno, hata kama huyaelewi. Mara ya tatu ndipo wengi wetu hapa studioni tulipoanza kuupenda.

Kwa ufupi

2007: Kvelertak inaanza Stavanger.
2010: Albamu ya kwanza, Kvelertak, na tuzo mbili za Spellemannprisen za mwaka huo.
2013: Meir.
2016: Nattesferd.
2017 na 2018: Ziara ya Ulaya pamoja na Metallica.
2018: Erlend Hjelvik anaondoka, Ivar Nikolaisen anaingia.
2019: Håvard Takle Ohr anachukua ngoma.
2020: Splid, yenye nyimbo za Kiingereza.
2023: Endling, na mashairi yanarudi kwa Kinorwe.

Ukiwa na bendi nyingine ya nje ambayo unataka tuieleze, tuandikie kama kawaida. Na kama jirani atakuja kugonga mlango wakati Mjød inapiga, mweleze kwamba spika haijapasuka.